Fomu ya Matakwa ya Kidawa

Kulikuwa na nchi iliyowapenda watoto kupita nchi zote duniani, na asiyeamini aende akasome mabango. Kila njia panda ilikuwa na bango, na kila bango lilikuwa na picha ya Mheshimiwa Kizigo, Waziri wa Watoto Wadogo, amempakata mtoto anayecheka. Mtoto alikuwa yule yule katika mabango yote, maana wengine walipopakatwa na Waziri walilia.

Mwaka mmoja Mheshimiwa aligundua kwamba watoto wa nchi yake hawasikilizwi. Hakuambiwa na watoto. Alisoma ndani ya ndege. Aliposhuka tu akaunda misafara ya kwenda kujifunza ughaibuni jinsi wenzetu wanavyomfuata mtoto badala ya kumburuta. Msafara wa kwanza ulikwenda nchi ya theluji, ambako watoto hucheza mwituni hata baridi iking'ata, ukarudi na makoti mazito elfu sita na amri kwamba mtoto asitoke nje bila koti. Msafara wa pili ulikwenda visiwa vya mbali ambako watoto hupakuliana chakula wenyewe na kufagia darasa lao, ukarudi na kofia nyeupe na miiko ya kupakulia. Chakula chenyewe hakikuwemo kwenye mbinu. Msafara wa tatu ulikwenda mji mmoja ambako rafu za darasani ni fupi ili mtoto achague kazi yake bila kuomba ruhusa. Huo ulirudi na rafu fupi, na makufuli ya rafu fupi, kwa kuwa vifaa vile ni mali ya serikali na watoto wanajulikana kwa kugusagusa.

Wala hakuna aliyesema mambo hayo ni mabaya huko yalikotoka. Huko, tunasikia, watoto wanastawi na kucheka. Sisi tunasimulia tu yalivyofika huku.

*

Huku ni mji mdogo wa Mwasenga, bara kabisa, kwenye joto la kuunguza nyayo. Nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba kilichokufa zamani, chini ya bomba lake la moshi lisilotoa moshi, Mwalimu Sikudhani alikuwa na ua wake wa watoto. Walikuwa ishirini na wawili, wa miaka mitatu hadi sita. Hapakuwa na rafu. Palikuwa na mchanga, pipa la maji, kuku wawili, na kazi za watu wazima zilizopunguzwa kimo: vinu vidogo, mifagio mifupi, nyungo ndogo zilizosukwa kwa ajili ya mikono midogo.

Sikudhani alikuwa na desturi moja aliyoirithi kwa bibi yake, aliyelea watoto wa wafanyakazi wa pamba katika ua ule ule. Mtoto mgeni haulizwi kitu. Haulizwi jina, haulizwi analilia nini, haambiwi anyamaze. Anawekwa kando ya Mwalimu, anapewa ungo mdogo wenye konzi ya mchele, na wote wawili wanachambua. Wanatoa changarawe, wanatoa chuya, zile punje zilizobaki na maganda. Mikono ikishapata kazi, alisema bibi yake, kifua kinalegea chenyewe. Kuna mtoto hulegea kabla ya mchana. Kuna mwingine humchukua wiki. Mchele, kwa vyovyote, huliwa.

Kidawa alipoletwa alikuwa na miaka mitano na hakuwa amesema neno tangu mama yake alipoingia wodi ya wazazi na kutoka amefunikwa. Alimleta bibi yake, Bibi Nyamizi, kikongwe mwenye macho yaliyoingia ukungu.

"Alikuwa anaongea huyu," Bibi Nyamizi alisema, amemshika mjukuu wake begani kana kwamba kuna mtu anataka kumchukua. "Alikuwa anaongea mpaka namwambia hebu nipumzishe, mama. Sasa ninamuomba anisumbue, hataki."

"Mwache kwangu, Bibi. Hatutamuuliza kitu."

Kidawa akapewa ungo. Siku ya kwanza alishika tu ukingo wake. Siku ya nne alitoa changarawe moja na kuiweka kwenye pindo la kanga ya Mwalimu. Mwezi wa pili ulipofika, alikuwa anapanga changarawe msururu mmoja ulionyooka kwenye pindo lile, na Sikudhani akawa hanyanyuki mpaka msururu uishe, hata kuku waingie jikoni. Mtoto hakuwa amesema kitu. Lakini Sikudhani aliuona ule msururu unarefuka, akajua anaambiwa jambo, akatulia kulisubiri.

*

Kisha akaja Bwana Lutengano, Mkaguzi wa Furaha Daraja la Pili.

Alikuja na pikipiki ya wizara, makoti ishirini na mawili, na rafu moja iliyofungwa kufuli ambayo ufunguo wake ulibaki makao makuu. Aliwavika watoto makoti, akawatoa juani, akawatazama dakika kumi huku ameshika daftari, akaandika: Furaha ya wastani, jasho jingi. Kisha akaona nyungo.

"Hizi ni nini, Mwalimu?"

"Nyungo, Bwana Mkaguzi. Tunachambua mchele."

"Ahaa. Mbinu hii ninaifahamu." Akafungua mkoba, akatoa kitabu kinene kilichonunuliwa na msafara ughaibuni. "Iko ukurasa wa mia mbili na nne. Mtoto hukaa na mtu mzima, hushika kazi ya kweli, hujifunza kwa mwendo wake, hasukumwi. Ni mbinu ya hali ya juu sana. Una kibali cha kuitumia?"

"Kibali cha kuchambua mchele?"

"Ni mbinu ya kigeni, Mwalimu. Lazima kwanza ukahudhurie mafunzo huko ilikotoka."

Sikudhani akainama juu ya kitabu. Palikuwa na picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: mwanamke amekaa chini na ungo, watoto wamemzunguka, na nyuma yao bomba la moshi la kiwanda cha pamba. Akanyanyua macho akalitazama bomba lililokuwa nyuma yake. Akayarudisha kitabuni, akaweka kidole juu ya yule mwanamke.

"Huyu ni bibi yangu," akasema.

Mkaguzi akachungulia. "Hapana, Mwalimu. Huyu ni Kielelezo Namba Sita."

Haya, tusimcheke sana Bwana Lutengano, maana alasiri ile pikipiki yake iligoma kuwaka, fundi akachelewa, naye akakosa pa kukaa ila mkekani, na mbele yake palikuwa na ungo. Mkono wa mtu ukikaa karibu na mchele haukawii kuingia. Akatoa changarawe moja. Akatoa ya pili. Kidawa, aliyekuwa upande wa pili wa mkeka, akamsogezea konzi nyingine.

"Nina binti wa umri huu," Mkaguzi akasikika akisema, na hakuna aliyemuuliza. "Yuko kwa wakwe zangu. Namwona Idi na mwisho wa mwaka. Safari iliyopita aliniamkia, 'Shikamoo, Bwana Mkaguzi.' Ndivyo anavyosikia watu wakiniita. Nikaitikia marahaba. Nilishindwa kumwambia vinginevyo."

Akaendelea kuchambua. Sikudhani hakusema kitu, maana ndiyo desturi. Uso wa yule bwana ulikuwa umelainika, na kama fundi angechelewa saa moja zaidi pengine nchi ile ingepona. Lakini pikipiki ikaunguruma, Bwana Lutengano akashtuka, akakung'uta suruali, akashika kalamu.

"Mtoto huyu mbona hazungumzi?"

"Bado, Bwana Mkaguzi. Yuko njiani."

"Kanuni ya Kumi na Nne," akasema, na sasa ilikuwa sauti ya ofisini. "Kila mtoto ana haki ya kuchagua anachotaka. Atachagua mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sauti ya kusikika, mbele ya Mkaguzi, fomu ikiwa wazi. Mtoto asiyetaja anachotaka anahesabiwa kuwa hana utashi. Huyo hupelekwa Kituo cha Taifa cha Kuamsha Utashi, makao makuu, hadi atakapotaka kitu."

"Makao makuu ni siku tatu kwa treni! Ana bibi tu, na bibi mwenyewe haoni vizuri. Mtoto huyu amekwisha kumpoteza mama, Bwana Mkaguzi. Mkimtoa na hapa, mtamuua."

"Wewe unaona anataka nini?"

"Anataka asubiriwe."

Mkaguzi akapitisha kidole kwenye fomu, juu mpaka chini, kwa uangalifu wa kweli. Humo mliandikwa mchanga, maji, rangi, vibao, na mengineyo yanayofanana na hayo.

"Hilo halimo," akasema. "Una siku thelathini."

*

Sasa tunafika mahali ambapo msimulizi angependa kuruka, lakini lazima lisemwe. Sikudhani aliogopa. Na mtu mwema akiogopa hufanya yale yale ya mtu mbaya, ila analia huku akifanya.

Alimtoa Kidawa kwenye ungo. Akamsimamisha mbele yake kila asubuhi. "Sema, mama. Nataka mchanga. Maneno mawili tu. Nataka. Mchanga." Kidawa alimtazama mdomo. Wiki ya kwanza alimbembeleza kwa andazi. Wiki ya pili alimnyima andazi. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, alimshika mabega akamtikisa, akapaza sauti ambayo ua ule ulikuwa haujapata kuisikia: "Sema! Wewe mtoto, sema, watakuchukua!"

Watoto wote wakaacha walichokuwa wanafanya. Kidawa hakulia. Alichuchumaa, akazoa changarawe zake zote alizokuwa amezipanga ukutani tangu aliponyimwa pindo la kanga, akazitia mfukoni, akaenda kukaa nyuma ya pipa la maji.

Sikudhani aliona aibu. Alikaa chini mchangani akalia mbele ya watoto, bila kujificha, na mtoto mmoja wa miaka mitatu akaja kumfuta kamasi kwa mkono wa koti la wizara. Angalau koti lilipata kazi.

Kesho yake alirudisha nyungo mbili mkekani. Akamwambia Kidawa, "Nisamehe, mama. Nilikuwa nakuuliza. Sikuulizi tena." Akaanza kuchambua peke yake. Alichambua siku hiyo, na siku iliyofuata. Siku ya tatu Kidawa alitoka nyuma ya pipa akakaa, na changarawe ya kwanza ikarudi kwenye pindo la kanga.

Siku ya ishirini na nane, saa nne asubuhi, kuku wakitifua vumbi, sauti ndogo iliyokauka ikasema, "Mwalimu, hii chuya."

Sikudhani hakugeuka. Alijua akigeuka sauti itaruka kama ndege. "Eeh," akasema, "chuya kweli. Itoe."

"Na hii."

"Na hiyo."

Alasiri Bibi Nyamizi alipokuja kumchukua, mjukuu wake alimwambia, "Bibi, jiwe, utajikwaa." Kikongwe akasimama pale pale katikati ya njia na fimbo yake. Watu waliopita walidhani amepotea.

*

Siku ya thelathini ilikuwa sherehe. Mheshimiwa Kizigo mwenyewe alikuwa amechagua ua wa Mwasenga kuzindua Wiki ya Kitaifa ya Kumsikiliza Mtoto. Lilisimikwa hema kwa ajili ya wageni. Watoto waliwekwa juani na makoti, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na makoti. Waliamriwa kukaa saa mbili asubuhi, na Mheshimiwa akafika saa saba. Kwaya ya Sauti za Watoto iliimba. Ilikuwa ya watu wazima, wafanyakazi wa wizara waliovaa kaptura, kwa sababu watoto walijaribiwa wakaonekana hawatabiriki.

Sikudhani alikuwa amekaa na watoto, Kidawa ubavuni mwake, ameshika pindo la kanga. Hakumkumbusha chochote. Alijua anaongea sasa, na hilo lilitosha. Mkaguzi akiuliza taratibu, mtoto atajibu au hatajibu, na akikawia kidogo ataombewa dakika chache. Hivyo ndivyo alivyojipa moyo.

Mheshimiwa alishika kipaza sauti, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Wakoloni hawakumsikiliza mtoto. Serikali zilizotangulia hazikumsikiliza mtoto. Mimi nimemsikiliza mtoto katika nchi kumi na moja! Na leo, hapa Mwasenga, mbele ya taifa zima, ninainama," hapa akainama kidogo kwa ajili ya wapiga picha, "ninainama na kumuuliza: Mtoto! Unataka nini? Sema! Taifa linakusikiliza!"

Akanyamaza kupisha makofi.

Sasa fikirieni. Mtoto ambaye wiki tatu nzima alikuwa akiulizwa swali lile lile. Mtoto aliyekuwa na majibu mfukoni kwa miezi. Na mtu mkubwa kuliko wote, mwenye sauti inayotoka kwenye sanduku, anainama na kuuliza tena, na mara hii ananyamaza kusubiri. Kidawa aliachia pindo la kanga. Akasimama, koti limemfika miguuni, akatembea mpaka mbele ya jukwaa.

"Nataka kukaa hapa," akasema, kwa sauti ya kusikika kabisa. "Kwa Mwalimu. Na bibi."

Sikudhani alihisi machozi na kicheko vikimjia pamoja. Ua mzima ulisikia. Bibi Nyamizi alisikia. Bwana Lutengano, aliyekuwa amesimama kando ya jukwaa na mkoba wake, alisikia akafumba macho.

Lakini mama mmoja wa itifaki, msimamizi wa sherehe, alikuwa mwepesi zaidi. Aliruka kama aliyeona moto, akamshika Kidawa mkono, akaweka kidole mdomoni. "Shii! Nyamaza, mtoto! Huoni Mheshimiwa anazungumza juu ya sauti yako?"

Watu chini ya hema wakacheka, wale wa kwaya wakapiga makofi, na Mheshimiwa, ambaye hakusikia kitu ila makofi, akaendelea kwa dakika hamsini.

Kidawa alirudishwa mahali pake. Hakushika tena kanga.

Saa kumi meza ilitandikwa kitambaa, fomu zikafunguliwa, na watoto wakaitwa mmoja mmoja. Wa kwanza alitaka maji akaandikiwa maji. Alikuwa na kiu, lakini aliandikiwa maji ya kuchezea. Kidawa alipofika mezani Bwana Lutengano alimtazama kwa muda mrefu kuliko kanuni ilivyoruhusu.

"Kidawa," akasema kwa upole, "unataka nini?"

Kidawa alimtazama. Halafu akafanya alivyofundishwa na wakubwa siku ile. Aliinua kidole chake kidogo akakiweka mdomoni.

"Sema tu, mwanangu. Sasa unaruhusiwa."

Kidole hakikutoka.

"Ulimsikia!" Sikudhani alikuwa amekwisha kufika mezani, hakujali tena itifaki. "Bwana Mkaguzi, ulimsikia. Alisema mbele ya taifa zima. Alisema anataka kukaa hapa!"

"Nilimsikia," Bwana Lutengano akajibu. "Nilimsikia kwa masikio yangu, Mwalimu. Lakini fomu ilikuwa haijafunguliwa."

"Una binti, baba. Una binti!"

Kalamu ya Mkaguzi ilining'inia juu ya karatasi, na kwa kitambo kidogo Sikudhani aliuona tena uso ule wa mkekani. Kisha mtu mmoja chini ya hema akaita, "Bwana Mkaguzi, Mheshimiwa anaondoka, vipi huko?" naye akaitika, "Tayari, Mheshimiwa," akaandika: Hakusema.

*

Gari la Kituo lilichorwa watoto wanaocheka pande zote mbili. Lilikuja Jumatatu kumpeleka stesheni. Kidawa alipanda mwenyewe, bila kusukumwa, na hilo liliandikwa kuwa dalili njema. Alibeba ungo wake mdogo. Dereva akamnyang'anya kwa heshima, akampa Mwalimu, akieleza kwamba ungo ni chombo cha kazi na wizara inapinga ajira kwa watoto. Sikudhani alimpa Bibi Nyamizi bega. Walisimama mpaka vumbi likatua, wakaendelea kusimama.

Waliandika barua, wakajibiwa kwamba mzazi peke yake ndiye anayeweza kupinga, na mzazi huyo ajitokeze mwenyewe na cheti chake cha kifo.

Miezi saba ikapita. Siku moja ikaja bahasha yenye muhuri. Bibi Nyamizi, ambaye sasa alishinda mkekani kwa Mwalimu, alisikia karatasi ikichanwa, akaacha mchele aliokuwa akiuchambua kwa vidole tu.

"Imetoka kwake? Soma, Mwalimu."

Sikudhani alisoma kwanza kimya. *Tunayo furaha kukujulisha kuwa mtoto amepona. Anazungumza kwa sauti ya kusikika na halii. Kila anapoulizwa anataka nini, hujibu mara moja bila kusitasita: "Nataka mnachotaka." Mtoto huyu amekuwa mfano kwa wenzake, na picha yake itatumika kwenye mabango mapya. Kwa kuwa hajataja kurudi nyumbani, ataendelea kubaki.*

Akaisoma tena, labda kuna neno limemponyoka. Hakuna.

"Mbona kimya?" kikongwe akauliza. "Ameongea?"

"Ameongea, Bibi."

"Alhamdulillahi!" Bibi Nyamizi akajishika kifuani kwa mikono miwili. "Amesema nini? Niambie neno kwa neno."

Katika ua ule Sikudhani alikuwa hajapata kumdanganya mtu, mkubwa wala mdogo. Alikunja karatasi, akaitia chini ya mkeka. Kisha akauvuta ungo mdogo, ule ulionyang'anywa, akauweka kati yao, akatia konzi ya mchele.

"Amesema, 'Bibi, jiwe, utajikwaa.'"

Kikongwe akacheka, machozi yanamtiririka. "Ndiye huyo huyo," akasema. "Hajabadilika hata kidogo."

"Hata kidogo," Sikudhani akasema, na wote wawili wakaendelea kuchambua.